Nyama Isiyo na Kosa

Mwaka 1951 daktari Lars Leksell wa Uswidi alieleza namna ya kutibu ndani ya kichwa bila kukipasua: miali mingi ya mionzi ielekezwe ikutane mahali pamoja. Kichwa kilimrahisishia kazi, maana fuvu likishabanwa kwenye fremu, ubongo hauna pa kwenda. Mapafu hayana utulivu huo. Uvimbe ulioota chini, karibu na kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, unaweza kupanda na kushuka sentimita 2 au zaidi mgonjwa anapovuta pumzi na kuitoa.

Hapo ndipo jambo la fizikia linapogeuka kuwa la maadili. Kwa kuwa uvimbe hautulii, madaktari hupanua eneo la kupigwa mionzi. Kila milimita inayoongezwa ni nyama nzima inayounguzwa ili ugonjwa usiponyoke. Je, ni halali kuidhuru sehemu isiyo na kosa kwa sababu tu daktari hana yakini?

Mwanateolojia Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alipojadili mtu anayejitetea, alikubali kwamba tendo moja laweza kuzaa matokeo mawili, moja lililokusudiwa na jingine lisilokusudiwa. Ila nguvu ikizidi haja, tendo linakuwa haramu. Wanazuoni wa fiqhi nao wana kanuni inayofika hapo hapo: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kwa hiyo ukingo wa tahadhari unaruhusiwa. Uvivu wa kupima hauruhusiwi.

Mwanafizikia Ingmar Lax na daktari wa saratani Henric Blomgren, wa hospitali ya Karolinska jijini Stockholm, waliuchukua wajibu huo kwa uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitengeneza fremu ya mwili: mgonjwa analala juu ya mto unaoshika umbo lake, na bamba linamkandamiza tumbo chini ya mbavu ili apumue kwa juu juu. Mwendo wa uvimbe ukapungua, mara nyingi hadi kati ya milimita 5 na 10. Eneo liliposinyaa, dozi kubwa ikawezekana kwa mara chache. Utafiti wa nchi za Nordiki uliotolewa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa 57 wa saratani ya mapafu wasioweza kupasuliwa, waliopewa dozi ya mionzi ya grei 45 kwa vipindi 3 tu. Baada ya miaka 3, kiwango cha kudhibitiwa kwa uvimbe kilikuwa asilimia 92.

Lakini bamba nalo lina gharama, na anayeilipa ni mtu ambaye kupumua kwenyewe tayari ni taabu. Ndiyo maana njia zilizofuata zinastahili sifa: picha za CT zinazofuata mzunguko mzima wa pumzi, mashine inayowaka uvimbe ukifika mahali pake tu, na CyberKnife, roboti inayoufuata uvimbe unaposogea, ambayo sasa ipo hata Nairobi, katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Penye uwezo, mzigo wa kufuata ubebwe na mashine, mgonjwa aachiwe pumzi yake. Pasipo na mashine hizo, bamba ni bora kuliko kukisia.

Anayeandaliwa kwa mionzi ya kifua, au nduguye aliyemsindikiza, na aulize kabla ya siku ya kwanza: uvimbe huu unasogea kiasi gani, na umepimwaje? Ni haki yake kujibiwa kwa milimita.