Upindo wa Vidole Vitatu

Somo: Matendo ya Mitume 9:36–42

Sanduku la mavazi la kikundi chetu cha maigizo ya nyimbo halikufunguliwa tangu tulipomzika Fundi. Juzi, mazoezi ya igizo la Pasaka yalipoanza, ikabidi lifunguliwe. Kila aliyechomoa vazi alisimulia nani alilivaa, na Fundi alimtania nini alipokuwa akimpima. Mazoezi yakasahaulika. Tukasimama tu, kila mtu na nguo mkononi, mwenye kucheka anacheka, mwenye kulia analia.

Ndipo nilipokumbuka kile chumba cha juu kule Yafa.

Dorkasi amefariki. Wamemwosha, wamemlaza, na watu wawili wametumwa Lida kumwita Petro. Anapoingia, wajane wanamzunguka kwa machozi, wanamwonyesha nguo walizoshonewa na marehemu. Wako wafasiri wanaosema kwamba kitenzi cha Kiyunani alichotumia Luka hapo kinaashiria wajane wenyewe walikuwa wamezivaa. Napenda wawe sahihi. Basi pale msibani hapakuhitajika mtu wa kusoma wasifu wa marehemu, walikuwa wameuvaa.

Luka hatuandikii neno hata moja lililotoka kinywani mwa Dorkasi. Lakini anamwita mwanafunzi, kwa neno la kike ambalo halitokei tena popote katika Agano Jipya.

Fundi naye hakuwa msemaji. Jioni alifunga kibanda chake cha cherehani, akaja mazoezini, akasimama safu ya nyuma kuimba besi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nisimpambe kwa kuwa amekufa. Kila Pasaka alikuwa askari wa Pilato, na hakuwahi kupewa ubeti wa kuimba peke yake. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, na kweli noti ziliwamiminikia waimbaji wa mbele. Sikumbuki hata moja iliyomfikia yeye.

Mwaka mmoja bawa la malaika lilikatika katikati ya wimbo wa kaburini, likaning'inia hadi sakafuni. Sisi wa kwaya tulishikwa na kicheko. Fundi alitakiwa awe amelala chini, askari aliyezimia kwa hofu. Akajiviringisha polepole mpaka miguuni pa malaika, akainuka goti moja, akachomoa pini kwenye ukosi wake, akalibana lile bawa, kisha akarudi kuzimia. Besi hakuiacha wakati wote huo.

Sasa niseme linaloniwia gumu. Petro anawatoa watu wote, anapiga magoti, anaomba, na Dorkasi anafumbua macho. Sisi pia tuliomba. Tuliomba wodini, tukafukuzwa muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, tukaendelea kuomba getini. Alfajiri simu ikaita. Wapo watakaosema imani yetu ilipungua. Siwakubali, Luka hakumpima mjane yeyote imani. Naye Dorkasi alikuja kufa tena, na msiba wake wa pili haukuandikwa.

Kwa hiyo huwa nasoma mstari wa 39 taratibu, bila kuharakia muujiza wa mstari unaofuata. Roho aliona vema kilio kile na nguo zile zibaki katika Maandiko, kana kwamba kumkumbuka mtu kwa kazi ya mikono yake nako ni sehemu ya habari njema. Wewe uliyefiwa, toa nguo sandukuni. Waonyeshe watu.

Kanzu nyekundu ya askari tumempa kijana mmoja mrefu, mpana wa mabega. Ilimbana kifuani na kuishia juu ya magoti. Mama mmoja akasema tuchange tununue kitambaa kipya. Mimi nikaigeuza ndani nje. Fundi alikuwa na desturi tuliyomlaumu nayo miaka yote: kwenye mishono na kwenye upindo alikunjia kitambaa kingi mno. Tukimwambia anakimaliza bure, anajibu kwamba mwakani atavaa mtu mwingine.

Upindo ulikuwa wa vidole vitatu. Tumeufumua, na mishono ya ubavuni pia. Kitambaa kimetosha, na kijana anaanza mazoezi Jumamosi.