Mshahara wa Uingereza: Nani Aujue?

Kuna swali ambalo huzuka katika nyumba nyingi za Dandora zenye mwana au binti Uingereza, na huzuka vile vile katika nyumba za hao walioko huko. Je, mume akimtumia mama yake pesa bila kumwambia bibi yake, ametenda kosa? Au bibi akimlipia ndugu yake karo kwa siri, ameivunja ahadi ya ndoa? Wengi hujibu upesi. Wa upande huu husema mama ni mama, hakuna wa kuombwa ruhusa. Wa upande ule husema mkiisha kuoana wazazi wasubiri nyuma. Tungependa kukaa na swali hili kidogo, kwa sababu majibu yote mawili yanaruka jambo lenyewe.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu mazungumzo haya huwa ni ya hasira tu. Tuseme bibi amepata kazi ya kuwatunza wazee katika mji fulani wa Uingereza, na bwana akamfuata pamoja na watoto wawili kabla ya tarehe 11 Machi 2024. Tangu siku hiyo, wanaoajiriwa upya katika kazi hiyo kutoka nje hawakuruhusiwa tena kuja na mume, mke au watoto. Mshahara wake ni pauni 25,000 kwa mwaka, kiwango cha chini kilichowekwa Aprili 2025 kwa viza ya aina yake. Nyumbani Dandora mtu huchukua simu, hugawanya kwa miezi 12, huzidisha kwa shilingi 170, ambayo ni karibu na bei ya pauni katika mwaka 2025, na kupata shilingi 354,000 kwa mwezi. Hapo mazungumzo huisha. Mtu anayepokea shilingi 354,000 kwa mwezi na kusema hana elfu tano za dawa, huyo ataitwaje?

Lakini hesabu hiyo imefanywa nusu. Huko, pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi ya mapato. Katika kila pauni 100 zinazozidi hapo, 20 huenda kwa kodi na 8 kwa mfuko wa bima ya taifa. Mkononi hubaki takriban pauni 1,790 kwa mwezi, kabla ya makato ya pensheni. Tuseme nyumba ya vyumba viwili ni pauni 950. Kodi ya halmashauri ya mji, ambayo hulipwa na anayeishi ndani ya nyumba hata kama ni mpangaji, tuseme ni 140. Umeme na gesi ya kupasha nyumba joto, 150, na wengi hulipia kwa mita inayojazwa kwanza kama tokeni zetu, tofauti ni kwamba usiku wa Januari hulali bila hiyo. Zimebaki pauni 550 za kuwalisha, kuwavisha na kuwasafirisha watu wanne. Mwaka 2025 nauli ya basi katika sehemu nyingi nje ya London ilikuwa hadi pauni 3 kwa safari moja. Hizo ni shilingi 510. Kwa siku ya kawaida, matatu ya kutoka Dandora hadi mjini haifiki robo ya hapo.

Bwana naye hufanya kazi, ndiyo, kwa maana viza ya mwenzi humruhusu. Lakini bibi akiwa zamu ya usiku ni lazima mmoja awe na watoto. Huko hakuna shangazi wa kuja kukaa nao, wala mama wa ploti wa kuwaangalia hadi jioni. Tena ruhusa yao ya kukaa ina sharti kwamba wasitegemee fedha za umma, kwa hiyo posho ya watoto wanayopewa raia, na msaada wa kodi ya nyumba, haviwahusu. Tuseme kweli pia: shule ya serikali ni ya bure, na daktari hawamlipi anapowaona. Hayo si madogo. Mzazi wa Dandora anayejua gharama ya kulazwa hospitalini atakubali kwamba si madogo hata kidogo.

Kisha kuna pesa moja ambayo jamaa hawaioni kabisa. Familia inayotaka kibali cha kukaa kwa kudumu hulipia kila mtu peke yake. Mwaka 2025 ada hiyo ilikuwa pauni 3,029 kwa kichwa, mtoto na mtu mzima sawasawa. Kwa watu wanne ni pauni 12,116, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Akiba hiyo huwekwa kidogo kidogo kwa miaka. Machoni pa mtu wa nje ni pesa iliyolala. Kaka akisikia kwamba iko, atauliza mbona isiamke kwanza ipandishe ghorofa ya pili kwenye ploti ya mama, halafu itarudishwa.

Sasa turudi kwa bwana wetu wa mfano. Amepigiwa simu saa tano usiku, akiwa ndani ya basi. Mama hajisikii vizuri, au mpangaji amehama na mkopo wa benki unadai. Zamani, mtu wa ng'ambo alipotaka kutuma pesa alipanga foleni, aliandika barua, na njiani alipata nafasi ya kufika nyumbani na kusema. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na makampuni ya kutuma pesa ya ng'ambo yalipojiunga nayo, uamuzi huchukua muda wa vituo viwili vya basi. Pauni 60 zinakwenda. Bibi hakuambiwa kwa sababu amechoka, na juzi alilalamika juu ya viatu vya mtoto. Mwezi unaofuata ni 80. Bibi naye, kwa upande wake, amekuwa akifanya ovataimu mbili ambazo hazitaji, kwa ajili ya karo ya mdogo wake. Wawili hawa wanapendana. Wote wawili wanafanya jambo jema. Na kila mmoja anaishi na mtu asiyemjua.

Kosa liko wapi hapo? Si katika kutuma. Anayesema ndoa humfungua mtu kutoka kwa wazazi wake hakusoma vizuri. Ni kweli Maandiko husema mtu atawaacha baba na mama, lakini Bwana wetu huyo huyo aliwakemea waliojificha nyuma ya sadaka ya Korbani ili wasiwasaidie wazazi. Kwa familia nyingi za kwetu tena si suala la huruma tu. Tikiti ya ndege na ada za wakala zilitoka wapi? Ziliuzwa ng'ombe mashambani, chama cha mama kilikopesha, jumuiya ndogo ndogo ilifanya harambee. Pesa inayorudi kwa watu hao ni deni, si zawadi, na deni hilo si la bwana peke yake kwa kuwa mama ni wake. Bibi na watoto walipanda ndege ile ile.

Kosa liko katika kuamua peke yako juu ya maisha ya mwenzako, halafu kumwacha aendelee kupanga kana kwamba hukuamua. Bibi anayehesabu akiba ya kibali na kukuta upungufu wa pauni 700 hakupoteza pauni 700 tu. Mipango yote aliyoifanya kwa mwaka mzima, kukataa koti jipya, kumnyima mtoto safari ya shule, aliifanya juu ya hesabu ambayo mwenzake alijua si ya kweli. Alifanywa mjinga ndani ya nyumba yake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, lakini ndoa ya kata mbili, kila moja ikichota kwa wakati wake gizani, mtungi huo utakauka na kila mmoja atamshuku mwingine.

Tunajua bwana mmoja atasema: mkinitaka niseme, mnampa bibi yangu kufuli juu ya mama yangu. Pingamizi hili lina uzito, na hasa huko Uingereza, ambako mambo yamegeuka kwa wengi. Viza ni ya bibi. Kazi ya bibi ikiisha, bwana na watoto nao hawana pa kusimama. Mwanamume aliyekuwa na duka lake Dandora Phase Four sasa anasubiri mshahara wa mwenzake na kuulizwa nauli. Wako mabibi wanaoutumia wakati huo kulipiza, kama vile walivyokuwako na walivyo mabwana wengi zaidi ambao kwa miaka walimhesabia mke pesa ya sukuma wiki. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila senti iombewe kibali. Kuambiana si kuombana ruhusa. Wawili wanaweza kukubaliana kwamba kila mmoja ana kiasi fulani kwa mwezi cha kuwatumia watu wake bila kuulizwa, kiasi sawa, hata kama mmoja analeta mara tatu ya mwenzake. Mama wa asiyepata mshahara mkubwa si mama mdogo. Kinachozidi hapo huletwa mezani, na mmoja akisema hapana, hiyo hapana iheshimiwe mpaka wazungumze tena.

Na usiku wa dharura je, mama yuko mlangoni mwa hospitali na bibi yuko kazini, simu imefungwa ndani ya kabati la wafanyakazi? Tuma. Hakuna mke mwenye akili timamu atakayetaka umsubirishe mgonjwa. Lakini mwambie asubuhi hiyo hiyo, kabla hajavua viatu. Tofauti kati ya kutuma kwa dharura na kutuma kwa siri haiko kwenye pesa, iko kwenye asubuhi.

Limebaki suala la hao walioko nyumbani. Je, nao waambiwe mshahara? Hapa tunaona tofauti. Mume na mke hawana haki ya kufichana pato lao, lakini hawana wajibu wa kumwonyesha kila shemeji karatasi ya mshahara. Kunyamaza si uongo. Uongo ni kupiga picha kando ya gari la jirani, kuiweka kwenye simu ili Dandora ione, na kisha kukasirika Dandora inapoamini. Wengi wanaolalamika kwamba jamaa wanawanyonya walianza wenyewe kuuza sura ya maisha wasiyoyaishi. Mama hakuota tu kwamba wewe ni tajiri.

Na mama huyo ana uwezo wa kuelewa kuliko unavyomdhania. Dandora yenyewe ilijengwa na wageni. Mwaka 1975 Benki ya Dunia na serikali ya Kenya walikubaliana juu ya mpango wa viwanja takriban 6,000 kwa watu wa kipato kidogo. Mtu alipewa kiwanja chenye maji, choo na bafu, na katika baadhi ya viwanja jiko, akakopeshwa pesa za vifaa, vyumba akajijengea. Wengi waliopata walikuwa wametoka mashambani. Walijibana katika chumba kimoja na kupangisha vingine ili walipe mkopo, na huku nyuma baba mashambani alikuwa akiandika barua kwamba mwana yuko Nairobi ana nyumba ya mawe na hakumbuki watu. Wazee wa Phase One waliyasikia maneno hayo hayo unayoyasikia wewe. Wanajua mtu anavyoweza kuwa na nyumba na asiwe na unga.

Kwa hiyo pigeni simu mkiwa wawili. Siku isiyo na ombi, si siku ya matanga wala ya karo. Mtajie mama bei ya kodi ya nyumba kwa shilingi, si kwa pauni, maana pauni 950 haimwambii kitu lakini shilingi 161,500 kwa vyumba viwili itamfanya aite majirani. Mwelezeni ile ada ya kibali na mwaka itakapolipwa, ili asipate habari ya akiba hiyo kwa mtu mwingine. Mwambieni kiasi mtakachoweza kila mwezi, na kiwe kidogo ambacho kitafika, wala si kikubwa ambacho kitafika mara mbili kisha kikatike. Na anayezungumza na mama wa bwana awe bibi, na bwana azungumze na mama wa bibi. Mama mkwe wa Dandora akisikia sauti ya mkaza mwana ikimwambia kwamba mwezi huu zimepatikana elfu nane na hakuna zaidi, anaweza asifurahi. Lakini hatakuwa na sababu ya kumpigia mwanawe simu saa tano usiku kuuliza kama bibi yake anajua.