KUMWOKOA ANAYEZAMA KWAHITAJI ILIMU

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, hijra ya kwanza katika Uislamu ilikuwa kwa njia ya bahari. Mwaka wa tano tangu Mtume (S.A.W.) kupewa utume, masahaba wachache, wanaume kwa wanawake, walipanda vyombo vya wafanya biashara wakavuka Bahari ya Sham kwenda Uhabeshi, wakikimbia mateso ya Makureshi. Leo, kwenye mlango wa bahari hiyo hiyo, watu wa Uhabeshi na Somalia huvuka kwenda Yemeni kutafuta riziki, katika mashua zilizojaa kupita kiasi, na wengi huzama.

Habari zikifika, husemwa: ajali haina kinga. Naam, ajali haina kinga. Lakini ujinga una kinga, nayo ni ilimu.

Tazameni yaliyotokea kwa jirani zetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Ilipokuwa ingali ikielea chini juu, walisikika watu ndani wakigonga. Waliokuja kuokoa wakaitoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama pamoja na waliokuwamo. Nia ilikuwa njema, lakini nia haikai mahali pa ilimu.

Basi kumwokoa mmoja na kuwaokoa mia tano si kazi moja. Nahodha aijiaye mashua ya wahajiri yampasa ajue kwamba wote wakikimbilia ubavu mmoja itapinduka mbele ya macho yake. Ajue kuwatuliza kwa lugha waifahamuyo, kuwagawia jaketi za kuokolea kabla ya kuwapandisha, na kuwahesabu. Hayo hayazuki siku ya msiba. Hufundishwa bandarini, yakarudiwa mara kwa mara.

Huenda mtu akauliza: sisi wa Nakuru bahari yatuhusu nini? Je, Naivasha na Baringo si maji? Wanavyuoni wamesema kwamba aliye katika sala akimwona mtu anazama, naye aweza kumwokoa, na aikate sala yake. Kuokoa ni fardhi ya kifaya. Ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote. Basi tuwafundishe watoto wetu kuogelea, tuwasaidie vijana watakao kusomea ubaharia, na tusikipande chombo kilichokwisha kujaa.

Wabillahi taufiki.