Je, Matokeo Yanatosha Kumhukumu Kocha?

Baada ya ibada wengi wetu huwahi nyumbani kutazama mpira. Timu ikifungwa, hukumu hutoka papo hapo: "Kocha afukuzwe!" Tumkumbuke Claudio Ranieri. Mei 2016 aliipa Leicester City ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza, timu ambayo msimu uliotangulia ilinusurika kushuka daraja. Februari 2017, miezi tisa baadaye, alifukuzwa. Je, ujuzi wake uliisha kwa miezi tisa?

Sisi tunaofanya kazi wodini tunajua kwamba mgonjwa anaweza kuhudumiwa ipasavyo na bado akafariki, na mwingine akapona hata palipokuwa na uzembe. Ndiyo maana hatuulizi tu, "Amepona?" Tunauliza pia, "Alihudumiwaje?" Kocha naye hupanga kikosi, lakini penalti hapigi yeye, wala hawezi kuzuia goti la mshambuliaji lisiumie.

Hatusemi kocha asikosolewe. Analipwa vizuri, na klabu ina haki ya kubadilisha. Leicester hawakushuka daraja msimu ule, na wapo wanaoona uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini kumwondoa mtu kazini ni jambo moja, kumvunjia utu ni jambo jingine. Watoto wetu wako hapo hapo sebuleni, wanasikiliza. Wakitusikia Jumapili tukimtukana aliyeshindwa, Jumatatu watathubutu kutuonyesha matokeo mabaya ya mtihani?