Suali la Goti na Utando wa Nguruwe

Ndugu yetu mmoja katika wanaohudhuria darsa ametuletea suali. Mwanawe, aliyeko masomoni Marekani, aliumia goti katika mchezo wa mpira, kikamtoka kipande cha gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa ili isisagane. Tabibu amemwambia kuwa iko tiba: huchukuliwa seli za gegedu lake mwenyewe, zikaoteshwa nje ya mwili juu ya utando, kisha utando ukatiwa mahali palipolika. Kijana akauliza utando huo watokana na nini. Akajibiwa: na nguruwe. Je, akubali?

Kabla suali halijatufikia, lilikuwa limekwisha kujibiwa barazani mara mbili. Mmoja alisema nguruwe ni haramu, maneno yamekwisha. Wa pili akasema dawa haina haramu, aachiwe tabibu. Sisi twaona wote wawili wamehukumu kabla ya kujua.

Yatupasa kwanza kuijua kazi yenyewe. Gegedu halina mishipa ya damu; kwa hivyo likitoboka ni shida kujiponya, na tundu likiachwa huweza kuharibu goti zima. Mwaka 1994 matabibu wa Gothenburg, nchini Sweden, walitangaza khabari za wagonjwa 23 waliorudishiwa seli zao baada ya kuoteshwa. Wataalamu wengine huotesha seli shina, yaani seli changa za uboho au za mafuta ya mwili, ambazo huweza kufanywa zikawa gegedu. Lakini seli hizi zataka tandiko la kushika, kama mche utakavyo udongo. Utando wa namna aliyotajiwa kijana, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2016, ni kolajeni ya nguruwe.

Basi seli ni zake, hazina neno. Suali liko katika tandiko.

Wako wasemao kuwa utando huo umesafishwa hata si nguruwe tena. Istihala, yaani kugeuka kwa dhati ya kitu, ni mlango unaojulikana katika fiqhi, na Mahanafi wameupanua kuliko sisi Mashafii. Lakini kolajeni iliyosafishwa ni kolajeni ile ile. Haikugeuka kitu kingine kama mvinyo ugeukavyo siki. Hatupendi kulihalalisha jambo kwa kulibandika jina jipya.

Hata hivyo wanavyuoni wetu hawakutuacha gizani. Imamu Nawawi, katika Minhaji, amemtaja mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho safi, akamhisabu kuwa ana udhuru. Na Arfaja, sahaba aliyepotewa na pua vitani, alijifanyia pua ya fedha, ilipomnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha afanye ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba nayo. Tazameni utaratibu huu: fedha kwanza, kisha dhahabu.

Jawabu letu ni hili. Kijana na aulize kama iko tiba nyingine ifaayo, isiyo na najisi. Ikiwapo, hana ruhusa ya kuiacha. Isipokuwapo, na tabibu mwaminifu akasema goti lataka tiba, ana udhuru, wala mtu asimtie wasiwasi katika sala yake.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko jawabu. Wataalamu wamekwisha kuzijaribu seli juu ya hariri, juu ya utomvu wa mwani, juu ya kitu kitokacho katika maganda ya kamba, na juu ya kolajeni ya samaki. Vyote hivyo vyajulikana. Mbona basi kijana wetu apewe nguruwe? Kwa kuwa waliotengeneza utando hawana sababu ya kumwepuka, nasi tulio na sababu hatumo kazini. Twangoja wenzetu wafanye, kisha ndipo tuulize ni halali au haramu.

Udhuru ni wa mgonjwa. Umma mzima hauwezi kuishi kwa udhuru. Kusoma elimu hii ni faradhi ya kifaya, na asipopatikana wa kuisimamia, dhambi ni yetu sote, na sisi wenye vilemba tu mbele. Wabillahi taufiki.