Samaki wa baruti: ni halali, lakini je, ni twayyib?

Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu mgeni kabisa, sijamaliza hata miaka miwili tangu nitoke chuo kikuu, nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari ya binafsi jijini Dar es Salaam, si mbali na bahari. Siku hiyo mada ilikuwa vyakula vya halali na vya haramu. Nilikuwa nimekwishamaliza nyamafu, damu, nguruwe na kilichochinjwa kwa jina la asiyekuwa Allah (S.W.), najiandaa kufuta ubao, mara kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Ustadhi, samaki wa baruti ni halali?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikufikiri. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: maiti wa baharini ni halali, kwa ile hadithi mashuhuri ambayo Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari. Samaki hahitaji kuchinjwa. Awe amekufa kwa mshipi, kwa wavu au kwa kishindo, hukumu yake ni moja. "Umeelewa?" Akasema ameelewa. Nikafuta ubao.

Kengele ilipolia akanifuata hadi mlango wa ofisi ya walimu. Kumbe swali halikuwa lake. Mama yake alikuwa anakaanga samaki na kuwauza jioni kando ya barabara, na ada ya kijana pamoja na chakula cha wadogo zake vilikuwa vinatoka kwenye karai lile. Mzee mmoja wa msikitini kwao alikuwa amemwambia yule mama kwamba anawalisha watu haramu, na tangu siku hiyo hapati usingizi. "Mama kasema nikuulize wewe, kwa kuwa umesoma."

Ndugu msomaji, jibu langu la darasani lilikuwa sahihi kwa kadiri lilivyokwenda, na hadi leo sijalifuta. Tatizo ni kwamba halikwenda mbali. Nilijibu kuhusu samaki, na mama yule alikuwa anauliza kuhusu baruti.

Kwa wale waliokulia bara, pengine nieleze kidogo. Mvuvi wa baruti huenda na ngalawa au boti hadi penye mwamba wenye samaki, akawasha utambi na kutupa chupa majini. Kishindo hakichagui. Kinaua changu mkubwa, kinaua vitoto vyake, kinaua na viumbe ambavyo hakuna anayevila. Wazamiaji huwahi kukusanya wanachoweza, na wengi wa samaki waliokufa huzama wakaoza chini bila kumnufaisha mtu. Na ule mwamba wenyewe, yaani matumbawe, ambayo watu wengi hudhani ni mawe, ni viumbe hai vilivyojijenga polepole kwa miaka mingi sana. Hapo ndipo samaki wanapozaliana na kujificha. Ukishapigwa mara kwa mara unabaki kifusi kinachobingirishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika mizizi juu ya kifusi kinachotembea. Wapo wavuvi waliopoteza mikono, na wapo waliopoteza roho.

Wala hili halikuwa jambo la mtu mmoja mmoja. Mwaka 2015 watafiti waliipita pwani yote ya Tanzania wakiwa na vinasa sauti vilivyoshushwa majini, na kwa muda wa mwezi mmoja walinasa milipuko zaidi ya 300. Zaidi ya nusu ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Yaani ilikuwa inapigwa mlangoni kwa walaji, kwetu sisi.

Nilikwenda kumwona yule mama siku ya Jumamosi. Nilijitayarisha. Nilikuwa na aya ya 168 ya Suratul Baqara, ambayo ndani yake Allah (S.W.) anawaita watu wote, si waumini peke yao, wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vilivyo twayyib. Hoja yangu ilikuwa tayari mdomoni: mama, halali ni sharti la kwanza, twayyib ni sharti la pili, na samaki huyu amefaulu la kwanza amefeli la pili.

Ni hoja tamu, na tangu siku hizo nimeisikia mara nyingi katika mihadhara. Lakini nilipokuja kukaa na vitabu kwa utulivu, nikaona kwamba si nyepesi hivyo. Al-Qurtubi katika tafsiri yake ya aya hiyo anataja kwamba Imam Malik aliona twayyib hapo ni halali ile ile, imetajwa kwa kutilia mkazo, na Imam Shafi'i akaona ni kile chenye ladha, kinachopendeza kuliwa. Hakuna kati yao aliyekuwa anazungumzia matumbawe. Kwa hiyo anayesema kwamba neno twayyib peke yake linatosha kumharamisha samaki wa baruti, anaubebesha msamiati mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Sisi walimu vijana tunalipenda neno hili kwa sababu linatuokoa na kazi ya kufikiri.

Dalili yenye nguvu zaidi iko kwingine. Mafakihi wametofautisha kilicho haramu kwa dhati yake na kilicho haramu kwa sababu ya jambo la nje yake. Nguruwe ni haramu hata ukimfuga mwenyewe kwa fedha safi. Mbuzi wa wizi, nyama yake ni nyama ya mbuzi, mwizi kachinja kwa Bismillahi na kuelekea Qibla, na bado hakuna mwenye akili atakayekwambia kaa ule, umekwishajua ni wa jirani. Sasa samaki wa baruti ameibiwa nani? Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Bahari ni ya washirika. Anayelipua mwamba amechukua leo sehemu ya mvuvi wa mshipi, na sehemu ya mtoto wa mvuvi wa mshipi ambaye bado hajazaliwa. Hiyo ni dhuluma, na kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana haihitaji mwanachuoni mkubwa kuifahamisha. Tena katika Sura hiyo hiyo ya Baqara, aya ya 205, anatajwa mtu anayekwenda huku na huko katika nchi akiangamiza mimea na vizazi, na tunaambiwa Allah (S.W.) hapendi ufisadi. Kila nikiisoma aya ile naiona ile chupa yenye utambi.

Nikamweleza mama yule sehemu ya hayo, kwa maneno mepesi zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiparua magamba. Kisha akachukua samaki wawili akaviweka viganjani mwangu. "Bonyeza mgongoni, mwanangu." Mmoja alikuwa mgumu. Wa pili alilegea kama kitambaa kilicholowa. Uti wake umevunjika, akanieleza, na ukimpasua unakuta damu imevilia ndani ya nyama. Anaharibika upesi, ndiyo maana inabidi akaangwe haraka na mafuta yawe ya moto sana. Kila mkaangaji anamjua kwa kidole gumba. Hakuna anayeweza kusema hakujua.

"Lakini huyu ni rahisi," akasema. "Nikinunua wa mshipi, inabidi nipandishe bei. Nikipandisha, mteja anakwenda kwa mwenzangu pale mbele. Na wewe mwalimu, juzi jioni ulinunua kwa mwenzangu. Nilikuona."

Kweli nilinunua. Nilikuwa nimepita kwenye meza tatu, nikachagua ya bei nafuu, nikala na ugali, nikasema Alhamdulillah. Sikubonyeza mgongo wa mtu.

Hapa ndipo nilipopata somo ambalo sikulipata chuoni. Tumezoea kuigawa dhambi ya chakula hivi: mvuvi kakosea, serikali imezembea, mlaji hana neno maadamu kasema Bismillahi. Lakini baruti hailipuliwi kwa chuki na bahari. Inalipuliwa kwa sababu kuna mtu jioni anapita kwenye meza tatu akitafuta ya rahisi. Na nikitazama nani ana nafasi ya kuchagua, mama mwenye karai anayo kidogo sana, na mimi mwenye mshahara, pamoja na udogo wake, ninayo zaidi. Yule mzee wa msikitini alimwelekezea kidole mtu mnyonge kuliko wote katika mnyororo mzima. Sijasikia kama aliwahi kumwendea mwenye boti.

Na hapa niwaseme wenzangu kidogo. Waislamu wa mjini tumekuwa hodari wa kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti ya biskuti, tukitafuta gelatini. Tunauliza kuku wa kutoka nje kachinjwa na nani. Ni vizuri, na wala sibezi, kwani mwenye kujiepusha na mambo yenye shaka ameilinda dini yake. Ila mtu huyo huyo utamkuta kwenye walima sahani ya pilau imejaa mpaka inamwagika, anakula nusu na kuiacha nusu, wakati Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuigawa nafasi ya tumbo mafungu matatu, chakula, maji na pumzi, na kutoiacha hata tonge iliyoanguka. Ramadhani, mwezi wa njaa, ndio mwezi ambao mapipa ya mitaa yetu yanajaa vyakula. Shaka yetu yote imeishia kwenye gelatini.

Haikuwa lazima iwe hivi, na wapo ndugu zetu walioonyesha mfano. Kule Pemba kipo kisiwa cha Misali, ambacho wazee wanasema jina lake linatokana na msala, wakikinasibisha na Nabii Khidhri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilipoanza kuhifadhiwa, wavuvi walifundishwa hifadhi ya bahari kutoka ndani ya Qur'an, na maimamu wakashirikishwa. Mtu alizungumziwa amana, uadilifu na ukhalifa wa mwanadamu juu ya ardhi, maneno anayoyajua tangu madrasa. Huwa najiuliza kwa nini jambo lililowezekana Misali limeshindwa kuingia katika khutba zetu za Kariakoo na Magomeni.

Kwa yule mama nilisema hivi, na kama nimekosea Allah (S.W.) anisamehe: ulichokwisha kuuza si nyamafu, hukuwalisha watu haramu ya nguruwe, lala usingizi wako. Lakini kuanzia leo unajua na mimi najua, na kidole chako ni shahidi. Punguza unachoweza. Na sisi wanunuzi tulipe tofauti.

Nikarudi shuleni nikawaeleza walimu wenzangu. Baadhi walisema nimekosa kazi ya kufanya. Sita wakakubali kununua kwake samaki wa mshipi kila Jumanne na Ijumaa kwa bei yake ya juu. Siku nyingine alituletea dagaa, ambao wanazaliana haraka kuliko changu na chewa, wanaliwa wazima na mifupa yao, na mifupa ile ina chokaa ambayo miili ya watoto inahitaji. Mpango ule ulidumu miezi minane hivi. Wawili walihama, mmoja akapata mkopo wenye makato makubwa, tukabaki watatu, kisha ukafa. Lakini dagaa alibaki nao mezani kwake.

Miaka iliyofuata serikali iliendesha msako mkali, na vishindo vikapungua sana katika pwani yetu. Tushukuru kwa hilo. Ila kilichopungua kimepungua kwa kuogopwa jela, na mwamba uliovunjika haujui kwamba msako umefanyika. Bado yapo makokoro yanayokwangua vitoto vya samaki ufukweni, na bado mimi na wewe tunapita kwenye meza tatu.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, ana mke na mtoto. Tulikutana baada ya swala ya Ijumaa hivi karibuni. Mama yake hajambo, bado anakaanga. Yeye amefungua banda la kuku wa kisasa. Akanishika mkono, akacheka kama darasa lilivyocheka siku ile, akaniambia: "Ustadhi, kwenye chakula cha kuku wangu nachanganya dagaa. Na huku mtaani kwangu wapo watoto ambao kitoweo chao ni dagaa hao hao, na bei inapanda. Kuku wangu ni twayyib?"

Safari hii sikujibu papo hapo. Nimemwomba anipe wiki mbili.