Mtu-Chui wa Tervuren

Anayejifunza kuchora huambiwa asichore kwa kukisia, atafute picha ya kutazamia. Ushauri huo ni mzuri, ila haujitoshelezi, na kisa cha mchora katuni Hergé kinaonyesha unapopwaya.

Mbelgiji huyu, jina lake halisi Georges Remi, alianza kuchora safari ya mhusika wake Tintin nchini Kongo mwaka 1930, akiwa na miaka 23. Kongo alikuwa hajaikanyaga. Alichokuwa nacho karibu ni jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, lililozaliwa na maonyesho ya kikoloni ya Mfalme Leopold II ya mwaka 1897. Humo kulikuwa na sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913: mtu wa kundi la Anioto, amejifunika vazi la madoa ya chui, kucha za chuma mkononi, amemwinamia mtu aliyelala ili amuue. Hergé akamhamishia kitabuni, na madoa yake na kucha zake.

Kiufundi, alikitazama alichokichora. Kosa lilikuwa ndani ya sanamu yenyewe. Katika watu wote wa Kongo, wakulima, wavuvi, wahunzi, Wissaert alikuwa ameshamchagua muuaji, tena wakati wa kuua. Anayenakili picha hunakili pia uamuzi wa aliyeitengeneza.

Ndiyo maana nasisitiza sana hatua ya penseli. Mistari ikiwa bado myepesi na kifutio kinafanya kazi, ihoji picha unayoitazamia: nani aliipiga, kwa faida ya nani, na nini kiliachwa pembeni? Mtafute mtu yuleyule katika picha nyingine, akiwa kazini au akicheka. Bora zaidi, mwonyeshe mchoro mwenyeji wa mahali penyewe. Wino ukishakauka utabaki kukwangua kwa wembe, na karatasi iliyokwanguliwa huota manyoya. Mstari mpya ukipita hapo, wino unasambaa.

Hergé alikuja kumpata mwenyeji wa namna hiyo. Mwaka 1934 alikutana na Zhang Chongren, Mchina aliyekuwa akisomea uchongaji Brussels. Zhang alimweleza China aliyoijua, akamwandikia kwa mkono wake maandishi ya Kichina ya mabango ya barabarani. Wachina wa *Le Lotus bleu*, kitabu cha Tintin akiwa China, wakatoka watu kamili. Wajapani wa kitabu hichohicho, ambao hawakuwa na wa kuwasemea, walibaki vikaragosi.

Kongo nayo haikupata Zhang wake. Kitabu kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, Hergé aliondoa somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu za kujumlisha. Midomo minene na macho ya mviringo aliviacha vilevile. Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aliyeishi Ubelgiji, aliwasilisha malalamiko mahakamani Brussels dhidi ya kitabu hicho. Mwaka 2012 mahakama ilimkatalia, na nyuso zile zinaendelea kuuzwa.